Paji la Mama Nililolifunika Siku ya Mahari

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane, saa moja ya asubuhi, nilikuwa nimeketi juu ya kigoda katika saluni ndogo ya mtaa wa Bulengera, shingo imeinama, huku mwenye saluni akichovya ncha za nywele zangu katika maji ya moto ili zisifumuke. Siku hiyo naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu kanisani. Mimi ni mwalimu, na kila msichana anaponifuata nje ya darasa na simu mkononi, ananionyesha picha na kuniuliza, "Madame, nisuke hii?", mvuke wa yale maji hunirudia puani.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, mwaka wa mwisho katika chuo cha ualimu hapa Butembo. Mchana wa siku hiyo familia ya Kasereka, kijana aliyenichumbia, ilikuwa inakuja kutoka Beni kutoa mahari. Nilitaka wanione mzuri. Si dhambi kutaka hivyo. Mtu asikudanganye kwamba ni dhambi. Kosa langu lilikuwa mahali pengine.

Mama yangu, Kyakimwa, alifariki nikiwa na miaka kumi na mitano. Aliniachia uso wake mzima: uso mrefu, kidevu chembamba, na paji pana lililotokeza, linalokwenda mbali kabla nywele hazijaanza. Nyumbani paji hilo lilipendwa. Chuoni liligeuzwa mchezo. Wavulana walikuwa wakiniita kutoka upande wa pili wa ua: "Katungu! Leo match ni saa ngapi kwa terrain yako?" Terrain, yaani uwanja wa mpira, ndilo paji langu. Nami nilicheka pamoja nao, kwa meno tu.

Ukutani katika saluni ile palikuwa na picha ya mwanamke mwenye uso mdogo wa mviringo. Nywele nzito zilimshukia mpaka kwenye nyusi, nyingine zikanyooka kama mvua pande zote mbili za mashavu mpaka kifuani. Nilinyoosha kidole: "Hii." Mwenye saluni hakuniuliza neno. Alileta meshi, zile nywele za kununua, akaanza kazi Ijumaa, akamaliza Jumamosi. Kipya kinyemi, walisema wahenga, na mimi nilijitazama kiooni nikaona kwamba uwanja wa mpira umefungwa. Sikuona kwamba uso wenyewe ulikuwa umebaki ufito mwembamba kati ya mapazia mawili. Uso mrefu ukitundikiwa nywele ndefu zilizonyooka, huzidi urefu. Hilo nilikuja kulijua baadaye.

Na si kwamba sikupata mtu wa kunishauri. Shangazi Masika, dada ya baba yangu, mkulima wa Vuhovi, alikuwa amekuja siku mbili kabla, na donge lake la uzi mweusi ndani ya kikapu. Wanawake wa kwao walimngoja kila Jumapili baada ya misa awasuke kwa uzi huo.

"Mutoto, nipe hiyo kichwa," aliniambia. "Sikuombi kitu ingine."

"Tantine, hiyo ya uzi ni mambo ya ku village. Beni batanicheka."

"Sawa. Kichwa ni yako." Akarudisha uzi kikapuni, akaenda kuwasaidia waliokuwa wakimenya ndizi.

Unaijua desturi yetu, mwanangu, ingawa siku hizi wengine wanaipitia haraka haraka. Bibi arusi haketi waziwazi kuwangoja wageni. Wasichana wa ukoo hufunikwa vitenge toka kichwani, wanatolewa mmoja mmoja, kitenge kinainuliwa, na upande wa bwana arusi lazima useme: ni huyu, au si huyu. Watu hucheka, hutaniana, na mwisho aliyetafutwa anapatikana kwa vigelegele. Mara nyingi kazi hiyo hupewa dada wa bwana arusi. Siku ile aliiomba Koko Kahambu, bibi yake Kasereka, mama mzee aliyekuwa ameshuka garini bila kushikwa na mtu.

Alikuwa na sababu yake. Kwa miaka mingi mama yangu alipeleka maharage sokoni Beni, na kila safari alilala nyumbani kwa Koko. Alikuwa kama binti yake. Mimi, Koko hakuwa ameniona tangu nikiwa mtoto wa mgongoni. Alisimama katikati ya ua, akafunga vizuri kitenge chake, akasema mbele ya watu wote:

"Muniachie mimi. Mutoto wa Kyakimwa, paji yake itaniita yenyewe."

Binamu yangu wa kwanza akatolewa. "Huyu? Hapana! Huyu anawaza tu nyama ya mbuzi!" Ua mzima ukacheka. Wa pili akatolewa. "Huyu ni muzuri kabisa, lakini haiko wa kwetu." Wa tatu nilikuwa mimi.

Kitenge kikainuliwa. Koko akanikaribia hata nikasikia harufu ya sabuni katika nguo zake. Akaniangalia kuumeni, akaniangalia kushoto, akainama kidogo kama mtu anayechungulia ndani ya nyumba isiyo na taa. Nililijua alilokuwa akilitafuta. Alikuwa akimtafuta mama yangu, na mimi nilikuwa nimefunga mlango.

"Hapana," akasema polepole. "Haiko huyu. Mumurudishe mu nyumba."

Kasereka akaruka kitini: "Koko! Ni yeye!" Na kijana mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Macho ya Koko imebakia Beni! Muangalie kama haikuanguka mu gari!"

Watu walicheka, mwanangu. Walicheka wa kwao na wa kwetu. Wajomba zangu walipanguza machozi. Koko alinitazama mara moja tena, halafu akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Basi macho yangu imekwisha," akasema. "Munisamehe, batoto."

Akamwomba mtu amshike mkono mpaka kitini.

Nami nilinyamaza. Ilitosha niinue zile nywele za mbele kwa kidole kimoja na kusema, "Koko, niko hapa, mimi ndiye niliyejifunika." Nililijua hilo papo hapo, wala sidai leo kwamba sikujua. Lakini niliogopa kicheko kisije kikatoka kwake kikahamia kwenye paji langu. Nikamwachia mama mzee aibu ambayo ilikuwa yangu, na mahari ikaendelea, na watu wakala.

Majuto ni mjukuu. Yangu yalizaliwa wiki ya tatu. Kasereka alikuja kutoka Beni, akaketi bila kunywa chai niliyompa.

"Koko amekataa kuchagula mbegu," alisema.

Nyumbani kwao, maharage ya kupanda yalipita kwanza mikononi mwa Koko. Alikaa na ungo wake, akatoa punje yenye tundu la mdudu ambalo wengine hawakuliona hata wakionyeshwa. Majirani pia walimletea mbegu zao. Sasa msimu ulikuwa umefika, na ungo ulitundikwa ukutani.

"Tunamubembeleza," Kasereka aliendelea, "anajibu tu: macho yenye kukosa kujua mutu, itajua mbegu namna gani?"

Kesho yake nilipanda pikipiki mpaka Vuhovi. Nilimkuta Shangazi Masika akipukuchua mahindi. Nilimwambia yote, hata ile picha ya saluni, nikamwomba anifumue. Aliketi kizingitini, akanikalisha chini kati ya magoti yake, akafumua asubuhi nzima. Zilipobaki nywele zangu mwenyewe, ndipo aliponena.

"Kuficha paji, hiyo ni utoto, hata mimi nilikuwa nayo. Lakini mama muzee alichekwa juu ya kitu uliifanya weye, na weye ukanyamaza. Basi paji yako ni ya maana kuliko macho yake?"

Hakungoja jibu. Alitoa uzi mweusi. Alipima kutoka mwanzo wa nywele mpaka kidevuni, akaukata. Akapima paji toka upande huu mpaka ule, akakata; shavu mpaka shavu, akakata; mwisho taya. Akazilaza nyuzi nne juu ya goti lake, sambamba, akaniita nizitazame. Uzi wa urefu ulizizidi nyingine kwa vidole vitatu au zaidi. Wa paji na wa mashavu zililingana. Wa taya ulikuwa mfupi kuliko zote.

"Uso yako ni hii," akasema. "Ule mwanamuke wa ku foto, nyuzi zake zote ziko sawasawa. Uliazima nguo ya mutu mufupi."

Kisha akafanya jambo ambalo sijamwona msusi mwingine akilifanya. Aliniambia nicheke. Nikasema siwezi. Basi akanisimulia jinsi yeye mwenyewe, akiwa msichana, alivyorundika nywele juu ya kichwa kwa ajili ya sikukuu, yeye mwenye uso mrefu kama wangu, na baba yangu akamuuliza mbele ya wageni kama amebeba mtungi. Nilicheka hata nikalia. Naye alikuwa ameinama mbele yangu, ananisoma. "Uso yenye kununa inadanganya," alisema. "Mashavu inatoka wakati mutu anacheka. Pale ndipo ninajua nywele ikae wapi."

Alinigawanya nywele upande, si katikati. Misuko michache aliipitisha juu ya paji kwa mshazari, ikafunika pembe moja na kuiacha nyingine wazi. Pembeni mwa masikio akaacha nywele zijae, na ncha akazikunja zisipite kidevu. Juu hakurundika kitu. Karibu na uso hakukaza, kwa sababu, alisema, nywele za ukingoni zikivutwa kila mara huchoka na kuondoka, na zikiondoka hazibishi hodi tena. Nilipotazama kiooni nilimwona mama yangu, na kwa mara ya kwanza sikugombana naye.

Mwanangu, sasa nakwambia wazi, maana mzee anayezunguka mno husahau mlango wa kutokea. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Kabla ya kuchagua msuko, chukua uzi uupime uso wako, kisha mwambie mwenzako akuchekeshe. Ukiwa na uso mrefu, jaza pembeni, usirundike juu, wala usishushe nywele zilizonyooka mpaka kifuani. Ukiwa na uso wa mviringo, mambo yanageuka: inua kidogo juu, acha masikio na shingo vionekane. Mwenye taya pana asikate nywele pale pale zinapofikia taya, wala asizibane zote nyuma. Aache kitu laini kiteremke pembeni. Mwenye paji pana alipunguze kwa mshazari akipenda, ila asilizike. Na ile picha ya kwenye simu mpelekee msusi, ndiyo, lakini muulize kwanza: nyuzi za mwanamke huyu zinalingana na zangu? Msusi asiyetaka kukutazama usoni kabla ya kukushika kichwa, mshukuru, uondoke.

Hayo ni ya nywele. La pili ni zito zaidi. Jipambe ili wanaokupenda wakuone vizuri zaidi, usijipambe mpaka wakupoteze. Na ikitokea mtu amebeba kicheko kilichokuwa chako, inua kidole upesi, siku ile ile, kabla kicheko hakijawa mzigo mgongoni mwake. Mungu, aliyekupima uso wako kwa uzi wake mwenyewe, akupe kuupenda ukingali kijana. Na akupe wazee wenye macho ya kukutambua, nawe uwe na moyo wa kuyatunza.

Siku ile ile Shangazi aliyonisuka, nikitoka Vuhovi, nilipita mjini kwa mpiga picha, na barua nikampa Kasereka, aliyekuwa bado Butembo, aipeleke Beni pamoja na picha yangu. Nakala yake ninayo bado:

"Koko wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Namwomba dada yake Kasereka, atakayekusomea barua hii, aisome kwa sauti, na kwanza awaite wote waliokuwa Butembo siku ya mahari, hasa yule kijana aliyesema maneno yale ya macho na gari.

Koko, macho yako hayakukosa. Ulimtafuta mtoto wa Kyakimwa, na mtoto wa Kyakimwa hakuwa pale, kwa maana alikuwa amelifunika paji la mama yake kwa kulionea haya. Watu elfu wangesema ndiyo ili kumaliza mchezo. Wewe peke yako ulisema kweli, nami nikawaacha wakucheke. Nimekosa. Naomba radhi mbele yao wote, kama vile ulivyochekwa mbele yao wote.

Nakutumia picha. Usiambiwe ni ya nani. Itazame mwenyewe, kisha uwaambie.

Nawe dada unayesoma, akishasema jina langu, mteremshie ungo wake."