Mapovu Mbele ya Mama Mkwe

Tangu nimwoe binti yake, mama mkwe wangu aliniita "huyo mtu". Kwa hiyo alipokubali kuja kwetu Migosi pamoja na shemeji zangu kutoka Port Victoria, nilijigamba kupita kiasi: watakunywa bia niliyopika mwenyewe, tena ya bomba, kama wako hotelini. Ilikuwa miaka ya themanini, na pipa la chuma lenye bomba nililinunua kwa mwalimu Mzungu aliyekuwa akirudi kwao.

Bia niliipikia kwa rafiki yangu kule Nyalenda. Siku ya wageni, pipa likaja kwa mkokoteni, juani, likidundadunda kwenye kila shimo.

Nikafungua bomba kidogo, kwa adabu. Mapovu. Nikabana zaidi. Mapovu matupu! Shemeji mkubwa akaichungulia glasi yake.

"Shemeji, hii ni ya kunywa ama ya kunyolea ndevu?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama mkwe alikuwa chumbani, nyuma ya pazia. Kwao kama kwetu, mkwe na mama mkwe hawali wala hawanywi wakitazamana, na hawasemeshani ovyo. Lakini pazia halikumziba masikio, na mama huyo alikuwa amepika busaa, pombe ya mahindi na wimbi, maisha yake yote. Akamwambia mke wangu, kwa Kiswahili makusudi ili nisikie:

"Ambia huyo mtu aache kumimina. Pombe imetoka safari, iko na joto. Apumzishe hiyo kwanza."

Mke wangu akatoka na kunirudia kila neno, kana kwamba mimi ni kiziwi. Alikuwa anafurahia, najua. Tukalifunika pipa kwa magunia yaliyolowa, tukala samaki na ugali bila haraka. Nilipoinuka tena, sauti ikanifuata.

"Ambia yeye alowanishe glasi, ainamishe. Na hiyo bomba afungue yote! Anabana ya nini?"

Nikafungua yote, huku nimefumba jicho moja. Bia ikateremka taratibu ubavuni mwa glasi, ikajaa, ikabaki na povu la unene wa kidole. Shemeji zangu wakasogeza glasi zao. Hiyo ya kwanza mke wangu akaipeleka nyuma ya pazia, nasi tukangoja. Niliogopa kuliko siku ya kupeleka mahari.

Mkono ukajitokeza kando ya pazia, umeshika glasi tupu. Mke wangu akainuka aipokee.

"Wewe kaa," mama yake akasema. "Mkwe wangu, ongeza."