Kule Mulimani Mimi Si Mama Yake

Admin, ficha jina yangu, lakini maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni koko, bibi wa miaka sabini na kitu, hapa Kalemie. Masomo sikuona hata mulango yake. Mutoto wa binti yangu njo ananiandikia.

Maji ya ziwa ilipobomoa nyumba yangu kule chini, mutoto wangu wa kiume alikuja kunichukua. Yeye anakaa mulimani, kwenye nyumba za zamani za Wabeleji, kuta ndefu na zamu, mulinzi, kwa kila mulango. Majirani ni wazungu na wakubwa wa kazi. Muntu wa chini akipanda kule bila fagio wala muzigo, anaulizwa: "Unatafuta nani?"

Nilifika na ndakala mbichi, dagaa za ziwa. Nikazianika kwenye baraza, juani, kama kila mama wa Kalemie. Muzungu jirani, ambaye njo shefu, mukubwa wa mutoto wangu kwa kazi, akaja ameziba pua. Wakasema Kifaransa, mutoto wangu anachekacheka.

Nikauliza zamu, mutoto wa kwetu chini: "Papa, wamesema nini?"

Akainama. "Koko, usinikasirikie. Mutoto wako amesema wewe ni mufanyakazi mupya, haujazoea bado."

Nikaingia ndani. "We! Haya maziwa ulinyonya ilikuwa ya mufanyakazi?"

"Mama, hapa si kule chini. Wakijua natoka wapi, wataniona aje? Vumilia."

Ningevumilia, nimekwisha kumeza mabaya kuliko hayo. Lakini muzungu akarudi, na roho nzuri kabisa: mufanyakazi wake ameacha, huyu mama muzee anaweza kuja kufua na kupika kwake? Mutoto wangu akaitika. Akaitika! Akaniletea tabuliye nyeupe, ile nguo ya mupishi ya kufunga mbele, akanifunga kamba yeye mwenyewe mugongoni. "Ni siku kidogo tu, Mama. Nikikataa, atajua nilidanganya."

Mujukuu wangu mudogo wa pale wamemufundisha: nje, usimuite koko. Akiniona uani kwa muzungu, anageuza uso.

Jana muzungu alialika mutoto wangu chakula. Samaki niliipika mimi. Nikaweka sahani mbele yake. Akasema "mersi", macho chini, kama mugeni.

Nikifungua kinywa, atachekwa, pengine na kazi ataikosa. Nikinyamaza, huyu niliyemuzaa ananimaliza. Watoto wangu munaosoma, munishauri, na musinipake mafuta: kesho asubuhi nivae ile tabuliye?