Odilia na Mashine Iliyonyamaza Kibondo

Haya nitakayoyaeleza hutayaamini, wala sikulaumu. Niliwahi kuyaeleza sokoni Kasulu, muuza dagaa mmoja akanirudishia hela yangu akaniomba nikanunue kwa jirani yake. Lakini ni ya kweli, na aliyetendewa yupo hai, anakula ugali wa muhogo kama wewe. Anaitwa Odilia, mtoto wa dada yangu Pelagia wa Nyakitonto. Mimi ni Venanti, mjomba wake, mfanyabiashara wa asali. Nimesoma mpaka darasa la sita, na hilo la sita nililiacha katikati kwa sababu mwalimu aliona nimeshajua ya kutosha.

Kwanza ujue kwamba Odilia hatulii. Akiwa na miaka saba aliifungua redio ya marehemu baba yake, akavitandaza vyuma vyake kwenye ungo kama mtu anayechagua maharage. Dada yangu akalia. Jioni redio ikaimba, zikabaki skrubu tatu, na mtoto hakula mpaka alipojua zile tatu zilikuwa za nini. Alipokua ikawa hivyohivyo. Ukimpa kiti anakaa pembeni kabisa, kama kuku aliyesikia mwewe. Kalamu zake zote hazina vifuniko, amevitafuna.

Alichukua diploma ya kompyuta Dodoma. Wenzake wakaenda Dar es Salaam, yeye akarudi kwetu, akaajiriwa na shirika moja dogo linalosaidia kliniki za mama na mtoto. Zahanati kumi na tisa zilikuwa zinaleta kadi za watoto: uzito, chanjo, tarehe ya kurudi. Kadi zote ziliingizwa kwenye seva, yaani ile mashine kubwa ya Linux iliyokaa chumba cha nyuma cha ofisi ya Kibondo. Odilia alikaa ofisi ya Kasulu na kuiamrisha kwa mtandao. Anaandika Kasulu, yanatendeka Kibondo. Mchawi wa zamani angefanya hivyo mngemfukuza kijijini.

Basi mwaka 2015, mwezi wa nane, mabasi ya wakimbizi wa Kirundi yalikuwa yanapita kila siku kwenda kambi ya Nyarugusu, na zahanati za njiani zikafurika watoto. Programu ya kadi ikaelemewa. Mafundi wa Dar es Salaam wakatengeneza nyingine, wakasema itakuja ndani ya kontena, na kitu cha kuyaendesha makontena hayo kinaitwa Docker, ambacho lazima kiwekwe kwanza kwenye seva. Nikamwuliza Odilia kontena la namna gani hilo lisilohitaji lori.

"Mjomba," akasema, "kuna mgeni anayekuja kwako mikono mitupu. Anataka sufuria yako, kuni zako, chumvi yako, na ukikosa kimoja halali usiku. Programu ya kawaida ndiyo huyo. Kuna mwingine anakuja na mafiga yake, sufuria yake, kuni na chumvi. Anakuomba uwanja tu. Huyo ndiye kontena."

"Huyo wa pili nampenda."

"Utampenda ukiwa na uwanja imara. Seva ya Kibondo kiini chake, yaani moyo wa ile Linux, ni cha zamani, toleo la tatu nukta mbili. Docker inataka tatu nukta kumi kwenda juu. Lazima nibadilishe kiini chenyewe, halafu niizime na kuiwasha upya."

"Izime, si kitu."

Akatafuna kalamu. Kiini cha seva ile hakikuwahi kubadilishwa tangu aliyeifunga aondoke, na hakuna aliyejua ikiwa na kipya itaamkaje.

Mkuu wake anaitwa Stanislaus, mtu wa Moshi, sauti ya chini na maamuzi magumu. Alikuwa amemwambia mbele yangu, kwa upole kabisa: "Odilia, mkataba wako unaisha Jumatatu, tarehe thelathini na moja. Saa tatu asubuhi nitakuwa Kibondo. Nikikuta programu mpya inafanya kazi, tutaongea. Nisipoikuta, mashine inakwenda Mwanza kwa watu wanaoiweza, na nafasi yako inaifuata." Kisha akaenda harusini Kigoma.

Mafaili ya kiini kipya na ya Docker yalichukua siku mbili kuteremka, kwa mtandao wa Kibondo unaotembea kama mzee aliyebeba mkungu wa ndizi. Jumamosi asubuhi yakawa tayari. Nilipita ofisini kwake kumpa asali nikamkuta amesimama, anaandika akiwa amesimama.

"Mwakeye, mama," nikamsalimia.

"Mwakeye, mjomba. Usiniongeleshe."

Akaandika neno moja, akabonyeza, akafumba macho. Seva ya Kibondo ikajizima ili ijiwashe.

"Dakika tatu," akasema.

Ikapita ya tatu. Alikuwa na amri ya kuiita ile mashine, nayo ikiwa hai inaitika. Akaita. Kimya. Akaita tena. Ni kama kumwita mtu ng'ambo ya bonde, ukaona nyumba, ukaona na moshi, na mtu haitiki. Zikapita kumi, ishirini. Akampigia simu Dadi, mlinzi wa Kibondo, simu imezimwa. Siku za wikendi hakuna mwingine ofisini. Ilipofika dakika ya arobaini alikuwa ameshatoka nje mara sita na kurudi mara saba, sijui ile ya saba alipitia wapi.

"Nakala ya kadi zilizoingia mpaka Alhamisi ninayo," akasema, kama anayejihesabia. "Watoto hawapotei. Ninayepotea ni mimi."

"Pikipiki ipo."

"Pikipiki yako?"

"Sasa unataka ya nani?"

Akaangalia saa, akaiangalia pikipiki, akafunga flashi kwenye pindo la kitenge chake kama hela ya mchango wa kanisani. Ndani ya flashi ile kulikuwa na kontena lote la mafundi wa Dar, alilokuwa ameliteremsha Kasulu kwenye mtandao mzuri. Kwa mtandao wa Kibondo lingefika Krismasi.

Kasulu mpaka Kibondo ni kilomita mia na zaidi, na mwezi wa nane barabara ile ni unga mtupu. Sijisifu, lakini mwendo niliokwenda siku ile, vumbi letu lilitukuta Kibondo tumeshanawa. Tulipita Kabanga watu wakadhani tunakimbiza mgonjwa, kisha wakaona hospitali yao tumeiacha nyuma. Vilima vilikuwa vinachomwa nyasi, majivu yanaturukia. Odilia nyuma yangu hakukaa hata dakika. Alikuwa anaiita seva kwa simu yake kila tulipopata mtandao, mkono mmoja kwenye simu na mwingine umenishika ukosi kama mwizi.

Makere tukasimama kuongeza petroli ya chupa. Muuzaji ni rafiki yangu. Sasa wewe unatujua sisi Waha, salamu si neno la kurushiana kama mfupa. Nikamwuliza yeye, mke, watoto, ng'ombe, mguu wa mama mkwe. Akaniuliza yote hayo, akaongeza nyuki wangu.

"Mjomba," Odilia akasema, "ukianza na wajukuu nakuacha hapa, naendesha mwenyewe."

"Hujui kuendesha."

"Na wewe hujui, lakini tumefika Makere."

Muuzaji akacheka mpaka akamwaga petroli. Tukaondoka. Kwenye njia panda ya Nyarugusu mabasi matatu yalikuwa yanakata kona, madirisha yamejaa nyuso za watoto zilizopauka vumbi. Odilia akaacha kuiita seva. Akayatazama mpaka yakapotea.

"Wote hao watataka kadi," akasema, kisha akanigonga bega niende.

Tukaingia Kibondo saa tisa alasiri. Dadi alikuwa mlangoni pa chumba cha nyuma, ameketi kwenye kiti cha mbao, rungu mapajani. Ni mzee mkavu, aliwahi kuwa mgambo, na mpaka leo anasimama mguu sawa akimwona mtu mwenye funguo.

"Shikamoo, mzee Dadi."

"Marahaba, binti. Kila kitu salama."

"Seva iko wapi?"

"Ipo. Hakuna aliyeigusa isipokuwa mimi."

Odilia akaingia. Nikachungulia. Seva ilikuwa kimya, imefunikwa shuka la kijani, na waya wake wa umeme umechomolewa ukutani, umezungushwa vizuri, plagi imevalishwa mfuko wa nailoni.

"Mzee Dadi," sauti ya Odilia ikawa ndogo, "nani ameichomoa?"

"Mimi. Asubuhi nilisikia imenyamaza, taa zake zimezimika. Nikajua umeme umekatika. Nikafuata agizo."

"Agizo la nani?"

Dadi akamtazama kwa huruma, akanyoosha rungu ukutani. Palikuwa na karatasi, imebandikwa kwa gundi ya karatasi pembe zote nne. Iliandikwa kwa herufi kubwa: UMEME UKIKATIKA CHOMOA MASHINE HARAKA. USIICHOMEKE MPAKA NIJE. Chini yake: Odilia.

Ujue, huku kwetu si kukatika kwa umeme kunakoua vitu. Ni kurudi kwake. Unarudi kwa hasira, friji inakufa, redio inakufa. Na ile betri kubwa ya kuilinda seva ilikuwa imekufa tangu Pasaka. Ndipo Odilia mwenyewe akaiandika karatasi ile, akamfundisha Dadi, akamjaribu mara mbili, akamsifu. Asubuhi ya Jumamosi, mchana mweupe, taa za ofisi hazijawashwa, mzee angejuaje kwamba umeme upo? Seva ilijizima ili iamke, na kabla haijaamka vizuri mlinzi mwaminifu akaing'oa ukutani.

"Ungenipigia, mzee wangu."

"Simu ipo dukani, inachajiwa. Na karatasi haikusema nipige. Imesema mpaka uje. Umekuja."

Nilitaka kucheka. Nilivyomwona Odilia uso, nikakohoa.

Akaivua plagi ule mfuko, akachomeka. Feni ikaunguruma. Kwenye kioo yakaja maandishi meupe, mengi, yakasimama. Mashine ilikuwa imegundua kwamba iling'olewa vibaya, ikaanza kujikagua diski, na kuhesabu kwa asilimia. Tatu. Saba. Kumi na moja. Odilia akazunguka chumba. Chumba chenyewe hatua nne, anageuka, hatua nne. Dadi akasimama mguu sawa. Ilipofika arobaini na mbili ikaganda, na hapo Odilia, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akatulia. Alisimama kama mti. Nikaogopa kweli, kwa sababu sikuwa nimewahi kumwona hivyo.

"Mjomba, ikifia hapa nitarudi Nyakitonto kulima na mama," akasema.

"Kulima hujui."

"Najua kuliko unavyoendesha."

Arobaini na tatu. Akaanza tena kuzunguka.

Ilipomaliza ikauliza neno la siri. Akaandika, akaiuliza kiini chake toleo gani, ikajibu tatu nukta kumi na tatu. Akapumua. Kisha akaweka Docker, na ili kuijaribu akateremsha kontena moja dogo sana, ambalo kazi yake ni kusalimu tu. Likasalimu kwa Kiingereza, mistari michache, likaondoka.

"Ndiyo salamu hiyo?" Dadi akauliza. "Hata habari za nyumbani?"

Odilia akacheka, akafungua pindo, akachomeka flashi. Kontena la Dar likapakiwa kidogo kidogo, na jua lilipokuwa linagusa vilima programu mpya ikafunguka, na kadi za watoto ndani yake.

Jumatatu saa tatu kasoro Stanislaus akaingia. Akaketi, akatafuta kadi ya mtoto wa Makere, ikatokea kabla hajaondoa kidole. Akatafuta ya pili, ya kumi, ya mia mbili, zote zikatokea. Akasimama, machozi yanamtoka, akamshika Odilia mkono kwa mikono yake miwili, akasema mbele ya wafanyakazi wote hamsini kwamba anampa mkataba wa miaka mitano na nyumba ya mabati mapya, na kwamba mjomba wake, yaani mimi, bila mwendo wangu wa siku ile...

"Mjomba."

Odilia amesimama nyuma yangu, anasoma begani haya ninayoyaandika, sijui tangu saa ngapi.

"Ofisi ina watu sita," anasema. "Alitafuta kadi tatu. Akasema, 'Haya, mkataba nitakuletea mchana,' wa mwaka mmoja, akaenda kunywa chai. Hayo machozi umeyatoa wapi?"

"Machozi yalikuwepo, mama, ila yalikuwa ya vumbi, maana asubuhi ile nilimpakia mwenyewe kwenye pikipiki kutoka..."

"Alikuja kwa basi."