Choo cha Betún

Goti la kulia la Bi Ercilia Maturana lilipasuliwa mwezi wa tano, na daktari alimkataza mambo matatu: kupanda ngazi bila fimbo, kubeba kitu kizito, na kuinama. La kwanza alilicheka, maana kwenye kilima cha Barón, pale Valparaíso, mtu asiyepanda ngazi hafiki popote, hata dukani kununua mkate. La pili alilipokea kwa mikono miwili. Alikuwa amefua na kubeba mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini na mmoja, na mgongo wake ulikuwa umeomba likizo zamani. La tatu ndilo lililomtatiza. Asipoinama, nani atamsafishia Betún choo?

Betún alikuwa paka wake, mweusi tii kuanzia pua hadi ncha ya mkia, akapewa jina la ile dawa ya kung'arishia viatu. Bi Ercilia alimwokota mwaka aliofiwa na mume, miaka kumi na mmoja iliyopita, akiwa kipaka cha kutosha kiganjani. Tangu hapo walikuwa wawili tu nyumbani, kwa sababu Maritza, binti yake wa pekee, alikuwa anafanya kazi Calama, huko kaskazini jangwani, kwenye ofisi ya machimbo ya shaba.

Maritza ndiye aliyekuja kukaa nyumbani zile siku tisa mama yake alipolazwa. Na mwezi wa sita, likaletwa boksi kubwa mlangoni, wabebaji wawili wanahema kwa zile ngazi.

"Ni choo cha Betún, Mama," Maritza alisema kwenye simu. "Kinajisafisha chenyewe. Wewe kazi yako ni kutoa mfuko mara moja kwa wiki."

"Choo kinajisafisha? Mimi mwenyewe sina cha namna hiyo."

"Mwite yule fundi wa mtaa wa chini akuunganishie. Na simu yako umpe, aniunganishe na mimi pia."

Mashine ilifanana na ile ya kufulia, na hilo lilimuudhi kidogo Bi Ercilia, aliyedhani ameshaagana nazo. Ilikuwa na pipa jeupe lenye tundu la mviringo mbele. Paka anaingia, anajisaidia, anatoka. Baada ya dakika chache pipa linazunguka lenyewe likinguruma, linachekecha mchanga, na uchafu unadondokea kwenye droo ya chini. Kisha simu inalia. *Betún ametumia choo. Kilo 4.3.* Ujumbe huo huo unaruka hadi Calama, kwenye simu ya Maritza, katikati ya mkutano wake.

Bi Ercilia alijiandaa kwa wiki nzima ya vita, maana Betún alikuwa paka mzee, mbishi, asiyetaka hata bakuli lihamishwe. Lakini siku ya kwanza tu paka aliinusa mashine, akaingia, akatoka zake mkia juu.

"Goti langu limekulainisha na wewe?" alimwuliza. Paka akaenda kulala.

Mwezi mmoja ulipita vizuri. Halafu asubuhi moja ya mwezi wa saba, Bi Ercilia anapaka mkate wake parachichi, simu ikalia. *Paka asiyejulikana ametumia choo. Kilo 5.8.*

Aliusoma mara mbili, akavaa miwani, akausoma tena. Akaenda kuchungulia chumba cha kufulia, fundi alikoiweka mashine. Paka mweusi alikuwa anatoka kwenye tundu, anakung'uta mguu. Akampita kama kawaida, akaenda kwenye bakuli.

"Hujulikani wewe?" Bi Ercilia alimwambia. "Mbona mimi nakujua?"

Kesho yake ikawa 4.3. Keshokutwa yake 5.8 mara tatu, na 4.3 mara nne. Maritza akapiga simu.

"Mama, Betún anaenda haja mara ngapi kwa siku?"

"Nitajuaje? Mimi namfuata chooni?"

"Mashine inasema mara saba. Tena uzito unapanda unashuka. Paka haongezeki kilo na nusu kwa siku moja, Mama. Unamlisha nini?"

"Samaki wa kopo na zile punje zake. Tena leo hajamaliza."

Bi Ercilia alipiga simu kwa wauzaji. Binti mwenye sauti tamu akamwambia achomoe waya, ahesabu mpaka kumi, achomeke. Akafanya. Mashine ikazunguka mara tatu kama iliyopandwa na pepo, na kuanzia hapo ikawa inaandika *Paka 1* na *Paka 2*. Bi Ercilia akampigia tena yule binti kumwambia yeye ana paka mmoja. Binti akamwambia, kwa adabu zote, mashine haikosei uzito.

Basi akaamua kupima mwenyewe. Alikuwa na mizani ya bafuni. Akajipima, akambeba paka, akajipima naye, akatoa. Saa tatu asubuhi: kilo nne na nusu. Akafurahi, akaandika kwenye karatasi ya jokofu. Saa tisa mchana, kwa uhakika zaidi, akarudia: kilo sita kasoro.

Aliketi ukingoni mwa bafu, paka mapajani, mizani miguuni. Paka ni yule yule. Macho ya manjano yale yale. Ni kilo moja na nusu gani zimeingia kati ya chai na chakula cha mchana? Alitoa hesabu upya kwa vidole. Kisha wazo baya likamjia: pengine si paka aliyebadilika, ni yeye. Tangu apasuliwe alikuwa anameza vidonge vya aina nne. Mara mbili alikuta bakuli la paka tupu, akaapa alishalijaza. Juzi alimwona paka kalala kitandani, akaingia jikoni, akamkuta paka dirishani, akajiambia, haraka gani hii.

Alifanya kosa la kumsimulia Maritza.

"Mama," Maritza alisema pole pole, "leo tarehe ngapi?"

"Unaniuliza tarehe, Maritza? Mimi niliyekuzaa?"

"Niambie tu."

"Tarehe kumi na mbili. Jumanne. Na wewe ulizaliwa Alhamisi, ukanisumbua saa kumi na nne. Nikwambie nini kingine?"

"Usikasirike, Mama. Nafikiria tu ingekuwa vizuri ukae huku kwangu kwa muda. Kuna daktari mzuri wa mambo ya kumbukumbu."

Bi Ercilia alikata simu. Calama! Kule kusikonyesha hata tone! Lakini hofu yenyewe ilikuwa nyingine, hakuitaja hata kwa nafsi yake: vipi kama Maritza yuko sawa?

Asubuhi iliyofuata alichukua uzi mwekundu wa kufumia, akamfunga paka shingoni, fundo jepesi. Akaweka kiti mlangoni mwa chumba cha kufulia, akaketi na kazi yake ya kufuma kuvizia. Saa sita simu ililia: *Paka 1. Kilo 4.3.* Akainua macho. Paka alikuwa anatoka chooni, mweusi, shingo tupu.

"Uzi uko wapi?" alimwuliza. "Umeula?"

Akamshika, akampapasa shingo, akamfungua hata mdomo. Hakuna uzi. Hapo ndipo mlango ulipogongwa kwa ngumi.

Alikuwa Mzee Nolasco Oyarzún, jirani wa nyumba ya kijani iliyo ng'ambo ya ngazi, mpaka-rangi wa meli aliyestaafu. Hawakuwa wamesemeshana kwa miaka minane, tangu alipoukata mti wa maua wa Bi Ercilia kwa madai kwamba unamwingilia dirishani. Alisimama pale na sweta lenye madoa ya rangi, amekumbatia paka mweusi mwenye uzi mwekundu shingoni.

"Ercilia, wewe ndiye umemfunga paka wangu kamba kama soseji?"

Bi Ercilia akamtazama paka aliye mikononi mwa mzee. Akamtazama aliye mikononi mwake. Paka wakatazamana wao kwa wao, bila kushangaa hata kidogo, kama watu wa ofisi moja.

"Huyo ni wangu," Bi Ercilia alisema.

"Wako nini? Huyu ni Almirante! Nimemlea miaka minne!"

"Na huyu je?"

Mzee Nolasco akanyoosha shingo kumtazama. "Huyo simjui," akasema. Kisha akaongeza kwa mashaka, "Au pengine huyo ndiye Almirante?"

Ikabidi waingie ndani wote wanne. Bi Ercilia alimwonyesha mashine, na mashine, kama iliyosubiri wageni, ikaanza kuzunguka. Mzee Nolasco akaruka nyuma.

"Anakuja huku kujisaidia?"

"Kila siku. Kilo tano na nane. Nina ushahidi kwenye simu."

Mzee akashika kichwa. "Mama yangu! Kule kwangu hajaenda haja mwezi mzima. Mchanga safi, kila siku safi! Nilijua amefunga choo, anakufa. Nimemnywesha mafuta ya zeituni, Ercilia. Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Amenikwaruza mpaka hapa." Akapandisha mkono wa sweta.

Bi Ercilia alicheka hadi goti likamuuma. Alicheka kwa kisa hicho na kwa furaha yake mwenyewe, kwamba akili zake zilikuwa mahali pake. Akampigia Maritza papo hapo, akamwambia bila salamu: "Paka ni wawili. Mimi si chizi. Waambie na hao madaktari wako."

Mambo yangeishia hapo. Lakini Mzee Nolasco alitaka uhakika kwamba yale mafuta hayajamdhuru Almirante, na Bi Ercilia naye akaona hii mara saba kwa siku si ya kawaida, wagawane gharama ya daktari. Wakawaweka paka kwenye vikapu, wakashuka kilima kwa mwendo wa fimbo mbili.

Daktari wa wanyama alikuwa kijana wa kike anayeitwa Yasna. Alimpima Almirante, mzima. Meno yake ya miaka minne, mitano hivi. Akamgeukia wa Bi Ercilia, akamfunua midomo, akamulika.

"Huyu naye kijana safi. Miaka miwili, sidhani kama imefika mitatu."

"Kumi na mmoja," Bi Ercilia alisema.

"Kumi na mmoja nini, mama?"

"Miaka. Ana kumi na mmoja."

Yasna alimulika tena, taratibu. Akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Paka wa miaka hiyo meno yake hayawi hivi. Huyu hata ukoga hana."

Bi Ercilia hakuelewa, na baada ya kuelezwa mara ya pili bado hakuelewa. Alirudi akipanda ngazi, Mzee Nolasco amembebea kikapu. Nyumbani akamtoa paka, akamweka mezani, akamtazama. Akawaza jinsi alivyotoka hospitali akakuta Betún amekuwa baridi, hataki maziwa, hataki kulala miguuni pake. Akadhani amenuna kwa kuachwa. Akawaza jinsi alivyoikubali mashine siku ya kwanza.

Akampigia Maritza. "Nilipokuwa nimelazwa, Betún alitoka?"

"Alitoka, Mama. Niliacha dirisha wazi. Alipotea siku mbili. Nililia, nikazunguka kilima kizima. Siku ya tatu nikamkuta jikoni, anakula. Sikutaka kukupa wasiwasi, na goti lako lile."

"Ulimkuta yeye?"

"Nilimkuta paka mweusi, Mama. Nilifikiri ni yeye. Mpaka leo nilikuwa nafikiri ni yeye. Nisamehe."

Bi Ercilia hakumkemea. Angemkemea vipi, ikiwa yeye mwenyewe amemkumbatia mgeni miezi mitatu, akamwita jina la mwingine, na mgeni akaitika? Alitaka kulia, asijue alie kwa ajili ya siku gani. Betún alikuwa amempotea mwezi wa tano, naye alikuwa anapata habari mwezi wa nane.

Kwa wiki mbili walimtafuta, yeye na Mzee Nolasco, mchana, ngazi kwa ngazi. Mwanamke wa duka la mikate alikumbuka paka mweusi mzee aliyelala juu ya magunia yake ya unga mvua zilipoanza. Au alikuwa wa kijivu. Hakumwona tena. Zaidi ya hapo hawakupata kitu, na Bi Ercilia hakuwahi kujua yaliyompata.

Paka kijana alibaki. Kumtimua hakuweza, kumwita Betún pia hakuweza tena, hivyo kwa muda mrefu alimwita "wewe". Mzee Nolasco alimwambia aongeze kikombe mezani siku za chai, kwa kuwa paka wake ndiye mteja mkubwa wa hiyo mashine, na kutoa mfuko wa uchafu ikawa kazi ya mzee. Maritza alipokuja mwezi wa tisa, paka wote wawili walimpokea mlangoni. Akachuchumaa, mkono hewani, hajui aanze na nani.

"Huyu ndiye wetu?" akauliza.

"Mshike uone uzito," mama yake akamjibu. "Mimi bado nakosea."