Sura ya Fundi Juu ya Mlango

Jumatatu, tarehe 9 Juni. Mawingu mepesi tangu alfajiri, upepo kidogo, mvua haikunyesha. Kabla ya saa mbili mchora mabango alishapanda ngazi, akatundika sura yake mwenyewe juu ya mlango wa karakana.

Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa akichora sura za wengine: vinyozi, washonaji, daktari mmoja wa meno. Lakini tangu duka la mashine ya kuchapa mabango lifunguliwe mtaa wa pili, wateja walimkimbia. Mwezi uliopita alipata kazi moja tu, ya kuandika "Usikojoe Hapa" kwenye ukuta wa jirani. Bango hili jipya lisipovuta mtu, ingebidi afunge karakana akabebe mifuko ya saruji kwa shemeji yake. Shemeji alishamwekea nafasi, tena kwa furaha.

Alijichora kutoka kwenye picha ya pasipoti. Aliigawa picha kwa penseli miraba midogo arobaini na minane, akapiga miraba mikubwa idadi ileile kwenye bati, akawa anahamisha mmoja baada ya mwingine. Kazi ingekwisha salama kama angehamisha kilichokuwemo. Ila mkono wake ulishazoea kumfurahisha mteja, na safari hii mteja alikuwa yeye. Mifuko ya chini ya macho hakuihamisha. Kidevu cha pili alikihesabu kuwa kosa la mpiga picha. Jicho la kushoto, ambalo hupenda kusinzia peke yake, aliliamsha. Pua aliipunguza kidogo, akaitazama, akaipunguza tena.

Mkewe alisimama barabarani, mikono kiunoni, akaangalia juu.

"Mtanashati huyu," alisema. "Ameoa?"

"Mama Mapacha, si mimi huyo?"

"Najua. Shati nalifua mwenyewe."

Saa nne akaja mama mmoja wa makamo, bahasha mkononi. Alilitazama bango, akamtazama mchoraji aliyekuwa akiosha brashi, akaketi kwenye benchi.

"Karibu, mama. Nikusaidie nini?"

"Asante, baba. Namsubiri fundi."

"Fundi ni mimi."

"Namsubiri yule." Akanyoosha kidole juu. "Wewe endelea tu na kazi zako."

Akaendelea kuosha brashi, maana hakujua la kufanya. Brashi yenyewe ilikuwa safi tayari. Baada ya dakika kama kumi akasema, kwa sauti ya chini, kwamba yule wa juu na huyu wa chini ni mtu mmoja. Mama akainuka, akamsogelea, akamkagua kama anayechagua nyanya.

"Ni wewe kabla hujapatwa na nini?"

Mama akatoa picha kwenye bahasha: mwanamume mnene, sikio moja limekunjika kama jani la kabichi.

"Marehemu mume wangu. Nataka nimweke sebuleni, achorwe mkubwa. Kule kwenye mashine wamemnyoosha sikio bila kuniuliza. Miaka thelathini na mmoja nimenong'ona kwenye sikio hili, fundi. Lile la kwao silijui." Akalitazama bango tena. "Sasa wewe, kama umejifanyia hivi mwenyewe, wa kwangu utamfanya nini?" Akairudisha picha. "Naenda sokoni. Saa kumi napita hapa. Nikimkuta yule kijana bado yuko juu, sisimami."

Mchoraji alilishusha bango, akalipiga msasa usoni, akatafuta kioo. Mkewe akamnyang'anya.

"Kioo kinakupendelea. Kaa hapa, nikusomee mimi."

Akamsomea, mraba kwa mraba, wala hakuficha kwamba anafurahia.

"Jicho la kushoto, lilaze. Zaidi. Eeh, lisinzie kabisa."

"Mifuko?"

"Weka. Na uijaze."

"Mama Mapacha, huzidishi?"

"Nizidishe nini, na mwenyewe umekaa mbele yangu? Kidevu."

"Kipi?"

"Vyote. Haya, mdomo. Hayo meno ya nani?"

"Nibakizie moja tu, la mbele."

"Hilo ndilo halipo."

Akalifuta. Pua ilirudi kwa awamu mbili, kama ilivyoondoka. Saa kumi kasorobo alipanda ngazi tena, rangi ikiwa mbichi bado, akashuka na alama ya paji la uso wake mwenyewe kwenye kiganja. Ikabidi apande tena kuziba palipobanduka. Wapita njia wawili walicheka, mmoja akamsalimia, "Fundi, shikamoo za juu au za chini?"

Mama alirudi saa kumi na robo na kikapu cha mboga. Safari hii hakuketi. Aliangalia juu, akaangalia chini, akaangalia juu.

"Haya, huyu ndiye niliyeongea naye asubuhi," alisema, akamkabidhi bahasha. "Sikio lisiguswe, fundi."

"Halitaguswa, mama."

"Na akinitazama awe kama ananisikiliza nusu. Ndivyo alivyokuwa."

Kesho yake asubuhi mchoraji alifungua karakana mapema kuliko kawaida. Hakuthubutu kupiga penseli juu ya picha ya watu, akailalisha chini ya karatasi ya plastiki na kuchora miraba yake hapo juu. Siku zote huanza na macho. Siku hiyo alianza na sikio, akakaa nalo hadi saa sita.