Nilivyopeleka Vioo vya Simu Ukweni Bisibo

Wakuu, kama mliwahi kusikia habari ya jamaa aliyepeleka katoni la vioo vya simu kwenye mahari badala ya ng'ombe, acheni kuulizana. Ni mimi.

Na vilikaguliwa, msifikiri ni utani.

Wazee wa Kisukuma wameketi kwenye vigoda, kila kioo kinapita mkononi, kinageuzwa mbele na nyuma kama ndama anayekaguliwa meno. Nikalazimika kuvijaribu kwenye simu, kimoja kimoja, viwake wavione. Mzee mmoja akakuta kimoja kina mchubuko pembeni.

"Huyu mgonjwa," akasema. "Rudisha."

Nikarudisha. Ungefanyaje?

Naitwa Elick, fundi simu, Biharamulo mjini karibu na stendi. Kwetu ni Nyabusozi. Mchumba wangu, Christina, ni binti wa mzee Bulugu wa Bisibo, Msukuma aliyehamia huku na mifugo yake kutoka Shinyanga. Kwa mzee huyo, mwanaume asiye na zizi bado hajakua.

Alitaka ng'ombe. Hakutaka habari nyingine.

Sasa niwaambie kitu ambacho wale wazee hawakukijua. Ng'ombe nilikuwa nao! Walikuwa Mbuba, kule Ngara, kwa mjomba wangu Anastazi, wanakula na kuzaa kimyakimya. Huku kwetu ukiwa na mifugo unaiweka kwa ndugu wa mbali, macho ya watu yasiifikie. Nilimwambia Christina peke yake, tena kwa kujisifu, nikamwapisha asiseme.

Nilikuwa nawapenda wale ng'ombe, jamani. Kulikuwa na jike mmoja mwekundu, Bihogo. Ukimwita jina anakuja kukulamba mkono.

Basi ikafika Juni, msimu wa bajeti. Habari zikasambaa redioni kwamba ushuru wa vioo vya simu vinavyotoka nje utapanda kuanzia Julai. Mwenye duka wa Mwanza ninakochukulia mzigo akanipigia.

"Elick, chukua sasa hivi. Mwezi ujao utanitafuta kwa machozi."

Nikabeba katoni zima. Na hapo ndipo ujanja wangu ukaamka. Nikitoa vioo, ng'ombe wanabaki Mbuba na mke napata. Mjini shule!

Mshenga wangu alikuwa baba mdogo Pancras, mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Akamweleza mzee Bulugu habari za ushuru mpaka povu likamtoka.

Mzee akasikiliza, akauliza, "Hivi vioo vinakula?"

"Havili, mzee wangu."

"Vinaugua?"

"Haviugui kabisa."

"Vinazaa?"

Pancras akakohoa.

"Bajeti ikishapita," akasema, "vinazaa."

Wazee wakaangua kicheko. Mzee Bulugu hakucheka. Akainuka, akaenda jikoni alikokuwa Christina, wakanong'onezana huko kwa muda. Aliporudi akanitazama.

"Haya, ng'wanawane, mwanangu. Viingie ndani."

Mama mkwe akavipokea, akavihifadhi kwenye chumba cha vibuyu vya samli. Nikarudi mjini naimba juu ya bodaboda.

Julai ikaingia, ushuru ukapanda kweli. Bei ya vioo ikapaa. Nikavimba kichwa, nikajiona profesa.

Mpaka nilipofungua kabati la dukani. Halina hata kioo kimoja! Mjanja mimi, mzigo wote nimeupeleka ukweni.

Mwalimu Petronila akaja na simu iliyopasuka. "Elick, wewe si ndiye fundi?"

"Ndiye, mwalimu. Mzigo uko njiani."

"Njia gani hiyo isiyofika? Naenda kwa Ansbert."

Ansbert ni fundi wa fremu ya pili, na alikuwa amejaza vioo. Kila siku naona wateja wangu wanapita mbele ya mlango wangu kwenda kwake. Wengine wananisalimia kabisa. Niliumia, sifichi.

Siku moja Jovitha, dada mmoja anayeuza vifaa vya simu Ngara mjini, akanipigia.

"Kaka Elick, kuna mtu ana vioo vya kabla ya ushuru kupanda. Vizima. Ila hataki hela, anataka ng'ombe."

"Ng'ombe? Ni nani huyo?"

"Hataki kutajwa. Unataka hutaki?"

Nikaona duka linakufa huku naliangalia. Nikajidanganya kwamba bei itazidi kupanda, nitauza, nitanunua ng'ombe wengine. Nikampigia mjomba Anastazi.

"Mjomba, watoe. Kuna watu watakuja kuwachukua."

"Hata Bihogo?"

"Hata Bihogo."

Mjomba akakata simu bila kuaga.

Vioo vikaja. Vilikuwa vinanuka samli kidogo, nikasema ni mambo ya gari, huenda vilipakiwa na vyakula.

Sijamaliza hata kuvipanga vizuri, tangazo likatoka. Ushuru umerekebishwa, umeshuka chini ya ule wa zamani! Ansbert akatundika bei mpya mlangoni siku hiyohiyo. Kwenye grupu la mafundi watu wanacheka, mimi nahesabu hasara.

Kudadeki. Nimepigwa.

Halafu hofu kubwa zaidi ikanijia. Mzee Bulugu naye si ana vioo ndani? Akisikia bei imeanguka atasema nimemlipa takataka. Ndoa imeshatangazwa kanisani, na anaweza kuivunja kwa neno moja tu. Nilimpenda Christina, wakuu, tuweke utani pembeni. Nikaona bora niende nikaseme mwenyewe kabla hajasikia kwa watu.

Nikafika Bisibo jioni, mifugo inarudi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwadila," akaongeza salamu ya Kisukuma ya jioni.

Nikafungua mdomo nianze kujieleza. Nyuma yangu kitu chenye unyevu kikanigusa mkono.

Nikageuka. Bihogo!

Nyuma yake, wenzake wote wa Mbuba wanaingia zizini kama wenyeji.

"Baba," nikasema, "hawa..."

"Hawa ni mahari," mzee akasema. "Niliomba ng'ombe, nimeletewa ng'ombe. Vioo vyako umerudishiwa. Kuna tatizo?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mahari yangu mwenyewe nimeinunua, tena kwa ng'ombe niliowaficha ili nisiwatoe!

Christina akatoka jikoni anafuta mikono kwenye kanga. Nilitegemea atacheka. Hakucheka.

"Baba alitaka kukufukuza siku ileile," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia akubali, mengine aniachie. Jovitha nilisoma naye."

"Kwa hiyo ulijua nitawatoa?"

"Sikujua. Nilikuwa naomba usiwatoe."

"Sasa mbona..."

"Elick, kwa ajili ya duka umemtoa Bihogo. Kwa ajili yangu ulimficha."

Machozi yakanitoka mbele ya mkwe wangu, na sikuyafuta.

"Nifanye nini?" nikauliza baadaye.

"Ongeza ng'ombe mmoja," akasema Christina. "Hakuna anayekudai, wala redio haijakutisha. Uone kama mkono utaweza kutoa."

Niliuza vioo vyote kwa hasara, nikatafuta mtamba mzuri mnadani. Nikamswaga mwenyewe kwa miguu mpaka Bisibo mchana kweupe, watu wananishangaa, wengine wananiita "fundi ng'ombe". Mzee Bulugu alimkagua meno, akamkagua kwato, akasema mzima. Christina alikuwa amesimama mlangoni, na siku hiyo ndipo alipocheka.

Tumeoana. Ananipikia, ananitania, na kila bajeti ikisomwa anaongeza sauti ya redio makusudi.

Mafundi wenzangu, ushuru utapanda tena na utashuka tena, hayo yako juu ya uwezo wetu. Ila ukienda kuomba mke, beba kile ambacho roho inakuuma kukitoa. Ukibeba kinachokupunguzia hasara, atajua. Anaweza asiseme siku hiyo, lakini atajua.