Ndaga Si Jibu

Sikio langu la kushoto halisikii. Nimelikana jambo hili mbele ya mume wangu, mbele ya wanakwaya wenzangu, na mbele ya daktari aliyenitaka nikae tu nisikilize mlio. Nilisema ni upepo. Upepo wa Ziwa Nyasa umesingiziwa mengi, lakini sidhani kama kuna mtu aliyeusingizia kwa bidii kuliko mimi. Naanza na hili kwa sababu vijana wanaoingia kazi ya kuongoza watembea milimani huniuliza kwa nini nilistaafu nywele zikiwa bado nyeusi, nami huwaambia habari za magoti. Magoti yangu ni mazima.

Siku ya kwanza kazini nilifika Matema na shahada ya jiografia na viatu vipya. Milima ya Livingstone husimama pale pale maji yanapoishia, kama ukuta wa mtu asiyetaka majirani. Kiongozi Mkuu, mzee wa Ndandalo mwenye shamba la kakao na maneno machache, alitazama viatu vyangu kwa muda mrefu, kisha akaniuliza nimesomea nini. Nikamwambia. "Vizuri," akasema. "Mlima utafurahi kusikia." Kuanzia hapo jina langu likawa Msomi.

Njia yetu iliitwa Duara. Huanza Matema, hupanda kwenye migomba na mashamba ya mihogo yaliyoning'inia, huingia msituni, hutokea juu Ukinga kwenye baridi na viazi, ambako wageni hulala. Kesho yake hufuata mgongo wa mlima, kisha hushuka ghafla hadi Ikombe kwa wafinyanzi wa Kikisi, na kurudi Matema kwa njia ya ufukweni. Ni ya wazoefu tu. Taabu ni kwamba kila mtu ni mzoefu akiwa bado amekaa mchangani. Kiongozi Mkuu hakumuuliza mtu amepanda milima gani. Alimwomba avue kiatu akatazama soli. Mwenye soli isiyo na historia alishauriwa kwa upole akaogelee.

Anayetangulia huitwa kichwa, anayefunga msafara huitwa mkia. Kati yao kuna kitu tukiitacho mwito: penye kona, au ukungu ukiingia, kichwa huita na kila aliye nyuma huitikia. Siku ile nilipewa mkia. Kiongozi Mkuu aliponiita kutoka juu, niliitikia kama nilivyolelewa: "Ndaga."

Kwa msomaji asiye wa huku, ndaga ni asante, ni kiitikio cha salamu, ni namna ya kumjulisha mtu kwamba hukuokotwa. Ukimwita Mnyakyusa, ndaga humtoka kabla hajajua unamtakia nini. Mzee alisimamisha msafara mzima, akateremka mpaka nilipo.

"Uko wapi, binti?"

"Niko hapa, mzee."

"Hapa ni wapi?"

Nikatafuta kwenye jiografia yangu yote, sikupata kitu.

"Ndaga si jibu," akasema. "Hata anayezama ataitika ndaga, maana mama yake alimfundisha adabu. Mimi nataka unachokiona. Jiwe, mti, mgongo wa mtu. Ukikitaja, nitajua ulipo hata kama wewe hujui."

Nilikaa mkia misimu mingi, halafu kichwa, na mzee aliporudi kwenye kakao yake nikawa Kiongozi Mkuu mimi. Meneja wa kambi yetu ya wageni, mtoto wa wenye maduka wa Kyela mjini, alitaka tangazo letu liseme Duara ni matembezi ya familia. Nikamwomba atangulie na familia yake. Tangazo halikubadilika. Niliwafundisha waongozaji wapya mwito kama nilivyofundishwa, na nilikuwa mkali kuliko mwalimu wangu. Kumbe wakati huo huo sikio lilikuwa linafunga duka taratibu, na mimi niliyewakataza wenzangu kujibu kwa adabu nikawa nasikia kwa kukisia.

Safari yangu ya mwisho alikuwemo Bwana Ambilikile, mhandisi mstaafu, mzaliwa wa Ipinda aliyehamia Dar es Salaam. Soli zake zilikuwa na historia ndefu kuliko zangu. Jina lake kwa Kinyakyusa ni "ameniita", na njia nzima tulimtania kwamba huyu hatapotea, maana hata jina lake ni mwito. Mkia alikuwa Subira, mwanamke wa Ikombe anayeijua miteremko ile kama ngazi za kwao.

Ukungu ulitukuta katikati ya mteremko, ukipanda kutoka ziwani. Hapo njia hugawanyika. Ya kulia huenda Ikombe. Ya kushoto ni ya mbuzi, nzuri kabisa mwanzoni, halafu huishia kwenye genge juu ya maji. Mgeni mmoja alikuwa amebanwa na misuli huko juu, Subira akabaki kumkanda, na Bwana Ambilikile akawa peke yake katikati. Nilipofika chini ya njia panda na wageni wengine, niliita jina lake.

"Ndaga," ikaja sauti.

Mtu mwenye sikio moja husikia sauti, lakini hajui inakotoka. Nilipaswa kumuuliza anaona nini. Sikuuliza, kwa kuwa jibu lingekuwa refu, na jibu refu nisingelisikia lote. Nikaendelea hadi kwenye mwamba wetu wa kupumzikia.

Subira akatokea na mgeni wake. "Dada, Bwana Ambilikile umemweka wapi?"

"Si yuko na wewe?"

Aliniuliza kama nilimsikia, nikasema ndiyo. Akauliza sauti ilitoka wapi, nami nikanyoosha kidole juu, kwenye njia tuliyoshuka. Subira akageuza uso polepole upande wa mbuzi. Yeye aliisikia ikitokea huko, akadhani ni mwangwi.

Tuliita. Tukanyamaza, tukaita tena. Nikajaribu simu yake, haikupatikana. Kwenye mwamba ule mtandao huja na kwenda, na mara nyingi unaokuja ni wa ng'ambo, wa Malawi. Wageni walikaa wameshikilia mabegi yao kama watu waliopanda chombo kibovu. Nilichowaza ni hatua zake tu: kama alikuwa bado anatembea, kila moja ilimpeleka kwenye genge, kwa adabu zake zote.

Simu ikaita. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umekamata fimbo, nikaipokea kwa kushoto, nikaibandika sikioni. Kimya. "Hallo? Hallo? Hakuna mtu," nikasema, kidole kikienda kukata.

Subira alinishika kiganja, akakiondoa pale, akaivusha simu hadi upande wa pili wa kichwa changu. Hakunitazama usoni. "Jaribu hili, dada," akasema. "Hilo lingine tumelizoea."

Tumelizoea. Wote walijua, basi.

"Ndaga, mama," akasema Bwana Ambilikile. "Ndaga, ndaga."

"Ndaga si jibu, baba. Unaona nini?"

"Naona viatu vyangu. Mbele yake hakuna kitu. Nasikia maji chini."

"Kaa chini hapo hapo. Usigeuke. Mlima uko mkono gani?"

Alisema kitu. Upepo, safari hii upepo wa kweli, ukakichukua. Ningeweza kukisia; nilikuwa na uzoefu. Nikampa Subira simu.

Akaiweka sikioni, akasikiliza, akachukua kamba, akaanza kutembea kuelekea njia ya mbuzi huku akimuuliza mambo madogo madogo: jiwe lililo karibu yake lina rangi gani, nyasi zimelalia wapi, je, akinyoosha mkono anagusa mwamba. Ukungu ukammeza. Nilibaki na wageni, bila simu na bila kazi, nikisikiliza upande mmoja wa maongezi, jambo nililokuwa nimelizoea.

Walipotokea, Subira alikuwa mbele na mhandisi nyuma yake, kamba kiunoni, mkono wake ndani ya mkono wa Subira. Kila mmoja alikuwa bado na simu sikioni. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata.